Maji Yanayopotea Bila Kuvuja

Kila asubuhi, kabla hajasalimia mtu, baba mkubwa Celestini alikuwa anakwenda kwenye lori, anainua boneti, anazungusha kifuniko cha rejeta kwa kipande cha kitenge kilichochakaa, anachovya kidole ndani na kukilamba. Kisha anatema pembeni na kusema, "Yapo." Hapo ndipo ungeweza kumwambia shikamoo akaitikia. Ukimwamkia kabla ya hapo anakupita tu, kama hajakuona. Mama mkubwa Rozalia, mke wake, alikuwa anasema yeye ni mke mdogo humu ndani, mke mkubwa ni yule mwenye magurudumu.

Lori halikuwa lake. Lilikuwa mali ya kijiji chetu, upande wa Kibimba. Lilikuwa linalala uani kwetu kwa sababu yeye ndiye dereva, na ofisi ya kijiji haikuwa na uzio. Mimi nilikuja kukaa kwao baba yangu alipofariki, nikaachia shule darasa la tatu. Celestini ni kaka yake baba. Watoto wao wenyewe walikuwa wawili, wote walizikwa wakiwa wadogo, lakini watu bado walikuwa wanawaita Baba Jovina na Mama Jovina, kwa jina la yule wa kwanza.

Udereva aliupata ujanani, Rulenge, alipokuwa anaosha magari ya mapadri. Hakuwa mtu wa maneno. Madereva wengine wakifika sokoni wanapiga honi, wanaita wanawake majina. Yeye alikuwa anashuka, anazunguka lori, anagusa matairi, anakaa kwenye kivuli chake.

Mwaka wa sabini na nne, watu walipotolewa kwenye vilima vyao wakaja kukaa pamoja kijijini, ndiye aliyewabeba. Nasikia wengine walipandishwa na mgambo huku chakula kiko jikoni. Mama Deodata, jirani yetu, alipanda na mafiga yake matatu kwenye kapu, yakiwa bado ya moto, kapu likaungua njiani. Aliposhushwa hapa aliuliza nyumba iko wapi, akaonyeshwa kigingi. Tangu siku ile akipita kwetu anamsalimia Rozalia, ananisalimia mimi, anamruka Celestini. Celestini hakuwahi kulalamika. Alikuwa anasema tu, "Ana haki yake."

Vita vilipoanza, mwezi wa kumi na moja mwaka wa sabini na nane, kijiji kilitoa mgambo, na Celestini akawapeleka Biharamulo. Aliporudi hakula vizuri. Rozalia alimuuliza mara mbili kuna nini, ndipo akasema kuwa mji umejaa watu waliokimbia kutoka upande wa Kyaka, wamelala kwenye veranda za maduka na magodoro yao. Dereva mmoja aliyetoka mbele alimweleza kwamba malori yanaonekana kwa mbali kuliko watu, kwa hiyo ndiyo yanapigwa kwanza. Aliona mawili yameungua pembeni mwa barabara, mlango wa dereva uko wazi.

"Na dereva?" Rozalia akauliza.

"Hakuniambia."

"Hukumuuliza?"

Celestini akaosha mikono. Rozalia akaondoa sahani ikiwa bado imejaa.

Siku chache baadaye akaja katibu wa kijiji, Xavery, mtu mwembamba anayecheka kabla ya kusema jambo baya. Alikuja na mkufunzi wa mgambo anayeitwa Bulugu, Msukuma wa Shinyanga, mrefu, sauti kama ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Wakasema malori yote mazima yatakwenda mbele, kila lori na dereva wake. La kwetu litaondoka Jumatatu ya wiki inayofuata, kwa sasa libebe unga wa mgambo.

"Lenu ni zima, siyo Mzee?" Bulugu akauliza.

"Ni zima," Celestini akajibu.

Rozalia alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nilimwona amesimamisha kisu.

Kesho yake asubuhi Celestini alichovya kidole, akasema "Yapo", akaingia ndani kunywa uji, akatoka, wakaondoka na utingo wake kwenda Rulenge kuchukua unga. Utingo alikuwa Havyarimana, Mrundi mwenye ndevu aliyekimbilia kwetu mwaka wa sabini na mbili, mtu wa mizaha. Hawakufika mbali. Kwenye kilima cha kwanza taa nyekundu ya kuonya kwamba maji yamepungua ikawaka. Celestini akazima injini palepale. Havyarimana akashuka bondeni na debe.

Waliporudi jioni Havyarimana alitusimulia akiwa amekaa kwenye tairi. "Mimi nimekuwa ngamia wa rejeta! Nimepanda na debe, nimeshuka na debe. Mzee anasema maji yalikuwepo asubuhi. Mimi namwambia, Mzee, labda limekojoa."

"Lingekojoa tungeona," Celestini akasema. Hakucheka.

Alianza kutafuta. Kwanza kifuniko, maana kifuniko kikichoka maji hutoka kwa mvuke bila mtu kujua. Mpira wa kifuniko ulikuwa mzuri. Akapitisha vidole kwenye mpira wa juu na mpira wa chini inayopitisha maji ya injini, akaikamua kama anakamua titi la mbuzi, hapakuwa na ufa. Akatazama pampu ya maji, kavu. Akachomoa kile kijiti cha oili, akapaka oili kwenye kidole na kuileta juani. Alisema maji yakiingia kwenye oili, oili inakuwa kama maziwa yaliyomwagiwa chai, na hapo ujue gasketi ya injini imekufa. Oili ilikuwa nyeusi safi. Akawasha injini, Havyarimana akakanyaga mafuta, yeye akainama nyuma kwenye ekzosi na kunusa moshi. Moshi wa kawaida.

"Sasa yanakwenda wapi?" akasema. Alikuwa anajiuliza mwenyewe.

Jioni hiyo alimwomba Rozalia jivu. Rozalia akampa karai zima. Akalimwaga chini ya lori, akalisambaza kwa mkono mpaka likawa laini kama kitanda kilichotandikwa. Alisema tone moja tu likianguka litaonekana, hata liwe dogo kama la jicho.

Asubuhi jivu lilikuwa kavu. Akachovya kidole, "Yapo." Akaingia kunywa uji. Alipotoka, jivu halikuwepo. Rozalia alikuwa amefagia uwanja wote, mpaka chini ya lori, michirizi ya ufagio imenyooka.

"Mama Jovina! Umefagia jivu langu!"

"Nimefagia uwanja, kama siku zote. Wewe ulitaka wageni wakute takataka?"

Celestini akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akapanda. Siku hiyo taa ikawaka tena, na mbaya ni kwamba Bulugu alikuwa kwenye kiti cha pembeni. Walisimama kilimani huku mvuke unatoka kwenye boneti, vijana wa mgambo wamejaa nyuma. Havyarimana anasema vijana wakaanza kumcheka.

"Mzee, gari lako linaogopa kuliko wewe!"

"Linajua Jumatatu inakuja!"

"Lipe lori kanga, likae nyumbani na wanawake!"

Bulugu hakucheka. Alingoja debe la maji lije, akangoja injini ipoe, wakarudi kijijini, ndipo akasema, uani kwetu, mbele ya Xavery na mbele ya sisi wote: "Mzee Celestini, mimi nakuheshimu. Lakini lori lilikuwa zima miaka yote, limebeba pamba, limebeba watu, limekwenda Biharamulo likarudi. Limeugua siku ile tuliposema linakwenda vitani. Wewe ungekuwa mimi ungefikiri nini?"

"Ningefikiri hivyo hivyo," Celestini akasema.

"Nakuja Jumamosi asubuhi kulitazama kwa macho yangu. Likiwasha ile taa bila sababu ya kueleweka, nakupeleka wilayani Ngara ukatoe maelezo. Jambo hili lina jina lake. Ni hujuma. Na wakati huu wa vita hujuma haina msamaha."

Xavery akacheka kidogo halafu akasema, "Tafadhali, Mzee, tafuta ugonjwa huo. Usitutie aibu."

Walipoondoka Celestini alikaa kwenye ngazi ya lori muda mrefu. Hata mimi niliona jambo lilivyokuwa. Akiupata ugonjwa, lori ni zima na yeye anakwenda kule alikoambiwa milango ya madereva imebaki wazi. Asipoupata, anafungwa, na mtu aliyefungwa kwa hujuma hata akitoka nani atamsalimia? Nilidhani labda angeacha kutafuta. Angeweza kuchana mpira kwa wembe akasema huu hapa ugonjwa, spea hakuna, na kweli wakati ule spea hazikupatikana. Havyarimana alimwambia neno hilo wazi, kwa sauti ndogo.

"Mzee, mpira mmoja tu. Chwaa! Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe si mtu wa kujishitaki."

"Nenda nyumbani, Havyarimana."

Ijumaa lori halikutoka. Jioni akaomba jivu tena. Rozalia alisema jivu limekwisha, alitia kwenye migomba. Celestini akaenda mwenyewe jikoni, akakwangua mafigani, akapata la kutosha. Alilisambaza polepole kuliko mara ya kwanza. Rozalia alisimama mlangoni, mikono ameificha kwenye kanga, anamtazama mgongo.

Jumamosi asubuhi palikuwa na ukungu, jivu lilikuwa kavu. Kidole, "Yapo." Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaingia kunywa uji. Kwa kawaida alikuwa anakunywa taratibu, anapuliza, anazungusha kikombe. Siku hiyo alikuwa hajafika nusu tukasikia sauti ya Bulugu njiani anabisha hodi kabla hajafika. Celestini akaweka kikombe chini, akatoka. Mimi nilimfuata nyuma nikiwa na ndoo ya kwenda kisimani.

Rozalia alikuwa anazunguka nyuma ya jiko, mgongo umeinama, amebeba karai. Ufagio ulikuwa umeegemezwa kwenye tairi, bado haujatumika.

Celestini akainama chini ya lori. Nilikuwa upande wa pili, kwa hiyo niliona alichokiona. Kwenye lile jivu laini, chini kabisa ya rejeta, palikuwa na duara. Duara la kitako cha karai, limekaa sawasawa, na pembeni yake alama za magoti mawili. Juu ya duara hilo, koki ndogo ya rejeta, ambayo hufunguliwa wakati wa kumwaga maji machafu, ilikuwa na tone moja linaning'inia. Celestini mwenyewe ndiye aliyemfundisha Rozalia koki ile, miaka mingi nyuma. Alipokuwa anasafisha rejeta, Rozalia ndiye aliyekuwa anamshikia karai.

Bulugu alikuwa ameshaingia uani. "Haya, Mzee! Umeona nini huko?"

Celestini alijilaza kifudifudi, akajivuta chini ya lori mpaka kifua chake kikawa juu ya lile duara. Nilimwona anasugua jivu kwa kiwiko, huku na huku, kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka mkono. Akakaza koki. Alipotoka shati lote lilikuwa la kijivu.

"Koki," akasema. "Ilikuwa imelegea. Inashika likisimama, likitikisika inaachia. Ndiyo maana sikuiona."

Bulugu akainama, akagusa koki, akaona kidole chake kimelowa. "Kitu kidogo hivi?"

"Kidogo hivyo."

"Kwa hiyo ni zima?"

Rozalia alikuwa amerudi, amesimama kwenye kona ya jiko bila karai. Celestini alimwona. Nina hakika alimwona, kwa sababu alimtazama yeye alipokuwa anamjibu Bulugu.

"Ni zima. Litafika popote."

Wakatia maji, wakalizungusha mpaka kilimani na kurudi. Taa haikuwaka. Bulugu alifurahi, akampiga begani, jivu likaruka. "Nisamehe, Mzee wangu. Watu walishaanza kusema. Sasa lilale ofisini na mlinzi mpaka Jumatatu, usiwe na mashaka." Akalipeleka mwenyewe, anagongagonga gia.

Uwanja ukabaki mtupu, na jivu katikati. Celestini akaingia jikoni. Mimi nilikuwa pale nimekaa na ndizi mapajani, hawakuniambia nitoke.

"Mama Jovina."

Rozalia akawa anapanga kuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Ulijua kwamba wangenifunga?"

"Nilijua gari lingeharibika. Gari likiharibika mtu hafungwi. Miaka yote likiharibika nani alifungwa?"

"Hii siyo miaka yote."

"Mimi nitajuaje? Mnakaa na Xavery mnazungumza vita, mimi naambiwa leta jivu!" Akageuka. Uso wake ulikuwa umevimba. "Kwetu mke hamwambii mume usiende. Mama yangu hakusema, bibi yangu hakusema. Ukilisema neno hilo linamtangulia njiani, linamngoja huko. Sasa nifanyeje? Mdomo nimefungwa. Nikatumia mkono."

Celestini akakaa kwenye kinu kilichoinamishwa. Sufuria ikaanza kuchemka.

"Ungeniambia," akasema, "ningekujibu."

"Nijibu sasa."

"Niliwabeba watu wote walipotolewa kwenye vilima vyao. Walikuwa wanalia nyuma, nawasikia kabisa, ubao wa nyuma ya kiti changu ni mwembamba. Mama Deodata aligonga kioo, alitaka nisimame arudi kuchukua kuku wake. Sikusimama. Niliambiwa endesha, nikaendesha. Leo nimeambiwa endesha, na safari hii mzigo ni mimi. Nizime? Nizime kwa sababu sasa ni mimi?"

"Wale hukuwaua."

"Hapana. Lakini sikuzima."

Rozalia akasema maneno kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya chini, ambayo si ya kuandikwa. Halafu akapakua ndizi. Tulikula wote watatu, kila mtu anatazama sahani yake.

Jumapili walikwenda misani pamoja, jambo ambalo halikuwa la kawaida, kwa sababu Celestini alikuwa anapenda misa ya kwanza na Rozalia ya pili. Mchana alitengeneza mlango wa zizi la mbuzi ambao ulikuwa unaburuza tangu masika. Alimwonyesha Rozalia mahali alipoweka misumari iliyobaki. Nyuma ya jiko, kwenye mgomba mmoja, udongo ulikuwa wa rangi ya kutu kwa yale maji yaliyomwagwa pale. Nilikuwa nimeyaona maji yale siku za kwanza nikadhani Rozalia ananawa miguu. Celestini alipita pale, akatazama, akaendelea na nyundo yake.

Havyarimana alikuja jioni kuaga. Yeye hakuchukuliwa, kwa kuwa ni mkimbizi. Alijaribu kufanya mzaha kuhusu ngamia, ukakatika katikati. Wakashikana mikono kwa muda mrefu.

Jumatatu kulipopambazuka mvua ilikuwa imenyesha na uwanja ulikuwa umelowa. Rozalia alimfungia ndizi za kuchoma kwenye jani, na nyama kidogo ya mbuzi, akaziweka kwenye mfuko wake pamoja na sweta. Alimfunga kamba ya kiatu cha kushoto, kwa sababu kiuno cha Celestini kilikuwa kinamuuma tangu alale chini ya lori. Alifunga mara mbili, akafungua, akafunga tena.

"Imetosha," Celestini akasema.

"Bado inalegea."

"Imetosha, Mama Jovina."

Akasimama. Mimi nikamwambia safari njema, akaniwekea mkono kichwani, mzito, wenye harufu ya oili, akaniambia nimsaidie mama yangu mkubwa kubeba maji kwa sababu kisima ni mbali na magoti yake yameanza. Kisha akamtazama Rozalia. Rozalia alikuwa ameuma upindo wa kanga.

"Haya," akasema Celestini.

"Haya," Rozalia akajibu.

Hakupita njia kubwa. Alipita ile ya migombani inayotokea ofisini, mfuko begani, anasogeza majani yenye maji kwa mkono ili yasimlowanishe. Alipofika kwenye mfereji aliruka kidogo, kama mzee anavyoruka, na majani yakajifunga nyuma yake. Baadaye tulisikia lori linawaka, likakamata mara ya kwanza, likapanda kilima bila kusimama.

Madereva wengine wa wilaya walirudi mwaka uliofuata, mmoja mmoja. Yeye hakurudi.